Kijana Aliyekataliwa Nyumbani na Wajibu wa Mchungaji

Mzazi Mkristo agunduapo kwamba mwanawe huvutwa na watu wa jinsia yake, au kwamba binti yake hajioni kuwa mwanamke, huenda akamwendea mchungaji kabla ya daktari. Swali lake ni moja: "Tumfanyeje?" Katika makala haya hatukusudii kujadili mafundisho juu ya ndoa. Jambo hilo lina mahali pake, na makanisa ya Kilutheri duniani hayana kauli moja juu yake. Twakusudia kuonyesha kwamba jibu analopewa mzazi huyo lagusa uhai wa mtoto wake.

Kwa muda mrefu waganga waliihesabu hali ya vijana hawa kuwa ugonjwa wa akili. Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliacha kuihesabu hivyo mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani likafanya vivyo hivyo mwaka 1990. Kuhusu wale ambao nafsi zao hazipatani na jinsia waliyozaliwa nayo, Shirika hilo liliwaondoa katika sura ya magonjwa ya akili katika orodha yake iliyoanza kutumika mwaka 2022. Hata hivyo, uchunguzi mwingi waonyesha kwamba vijana hao hupatwa na sonona, hofu na mawazo ya kujiua kuliko wenzao. Ikiwa hali yenyewe si ugonjwa, mateso haya yatoka wapi?

Mtaalamu Ilan Meyer alitoa maelezo mwaka 2003 ambayo yamekubaliwa na wengi. Kila mwanadamu ana taabu zake, lakini aliye miongoni mwa wachache wanaodharauliwa huchukua mzigo wa ziada. Kwanza, hutukanwa, hupigwa au hufukuzwa. Pili, huishi akitazamia mambo hayo hata siku ambayo hayatokei. Tatu, huficha nafsi yake, asiwe na wa kumweleza. Nne, mwishowe huyaamini maneno ya wanaomdharau, akajichukia.

Je, mzigo huo waweza kupunguzwa? Hapa twafaidika na kazi ya Caitlin Ryan na wenzake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la San Francisco. Walizungumza na vijana pamoja na jamaa zao, wakaorodhesha matendo zaidi ya 100 ambayo wazazi huyatenda, mengine ya kukataa na mengine ya kupokea. Mwaka 2009 walitangaza matokeo ya vijana 224 wenye umri wa miaka 21 hadi 25. Wale waliokataliwa sana na jamaa zao walielekea mara 8.4 zaidi kusema kwamba wamewahi kujaribu kujiua, na mara 5.9 zaidi kuwa na sonona kali, kuliko wale ambao hawakukataliwa au walikataliwa kidogo.

Mwaka 2018 watafiti hao walitangaza jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Miongoni mwa vijana ambao hakuna aliyejaribu kuwabadilisha, asilimia 22 walikuwa wamejaribu kujiua. Pale ambapo wazazi walijaribu kuwabadilisha, ilikuwa asilimia 48. Pale ambapo wazazi walisaidiwa na washauri au viongozi wa dini, ilikuwa asilimia 63.

Ni kweli kwamba uchunguzi wa namna hii hauthibitishi peke yake kwamba jambo moja limeleta jingine. Tena, ni takwimu za California, wala hatuwezi kuzihamishia katika sharika zetu kama zilivyo. Lakini nani kati yetu asiyejua maana ya mtu kukataliwa na ukoo wake?

Watafiti hao waligundua pia kwamba wazazi wengi waliokataa hawakuwa na chuki. Walikuwa na hofu, wakidhani kwamba ukali ndio utakaomwokoa mtoto. Nao waliona kwamba mzazi aweza kupunguza madhara kabla hajabadili imani yake: aache kumpiga na kumtukana, asimtenge na shughuli za jamaa, asimwambie kwamba Mungu amemtupa, na awazuie ndugu wengine wasimdhihaki.

Basi, yatupasa nini? Kwanza, tumshauri mzazi asimfukuze mtoto wala kumpiga. Pili, tusiahidi kwamba maombezi yatabadilisha hali yake. Ahadi hiyo isipotimia, kijana hudhani kwamba ni Mungu aliyemkataa. Tatu, tuitunze siri. Jambo lililosemwa ofisini kwa mchungaji lisifike kwa wazee wa kanisa wala katika mahubiri. Nne, tumwulize kijana waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo moyoni, bali humfungulia mlango wa kusema. Akikiri, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali.

Katika Katekisimo Ndogo, Luther aieleza amri ya tano kuwa yatukataza kumdhuru jirani mwilini, na tena yatuagiza kumsaidia katika mahitaji yote ya mwili wake. Amri hiyo haikuweka sharti kwamba kwanza tukubaliane naye. Wenzetu wataendelea kujadiliana katika sinodi, na majadiliano hayo yaweza kuchukua miaka. Kijana aliyefungiwa mlango usiku wa leo hana miaka hiyo ya kungoja.