Baiskeli Mbili Hadi Kwihara: Njia Iliyotupa Posho na Hongo

Ukiuliza wapi pa kumpeleka mchumba wako wikiendi hapa Tabora, wengi watakujibu hakuna pa kwenda, hasa boom likishakata. Lakini kuna barabara ya vumbi inayotoka mjini kuelekea Kwihara, upande wa kusini-magharibi. Ni kilomita zisizofika kumi. Mkiwa na baiskeli mbili, mnakwenda na kurudi asubuhi moja. Mimi na mwenzangu tumeshaizoea, na kinachotuvuta zaidi ya miembe na hewa safi ni kujua tunapita wapi.

Kwihara ilikuwa kituo kwenye njia kuu ya misafara. Njia hiyo ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika hapa Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Pembe za ndovu zilishuka pwani, zikaishia kuwa vibao vya piano na mipira ya biliadi huko Ulaya na Marekani. Nguo za merikani na shanga zilipanda bara. Watu waliotekwa nao walipitishwa humo wakiwa wamefungwa, na hilo lisifichwe. Ila sehemu kubwa ya mizigo ilibebwa na wapagazi wa kulipwa, na waliosifika kuliko wote ni Wanyamwezi.

Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32, bila kuhesabu mkeka, chungu na chakula chake. Kutoka pwani hadi hapa ilikuwa kama miezi mitatu kwa miguu. Walianza safari alfajiri ili wapige kambi kabla jua halijawa kali, na hata kwa baiskeli ratiba nzuri ni hiyohiyo. Mkifika penye mchanga mkalazimika kushuka na kusukuma, mfikirie huyo mwenye kilo 32 begani.

Sasa sikiliza maneno tunayoyatumia kila siku. "Posho" ilikuwa mgawo wa chakula wa mpagazi, na ukichelewa au ukipunguzwa, msafara uligoma kuondoka. "Hongo" ilikuwa ushuru aliotozwa mwenye msafara na mtemi ili apite katika nchi yake. Ilidaiwa hadharani na kujadiliwa bei. Leo la kwanza tunalidai, la pili tunalilaani, na wachache wanajua yote mawili yalitembea njia hii.

Kwa wapenzi kuna la ziada. Wapagazi wengi hawakusafiri peke yao. Wanawake walifuatana na waume zao, wakibeba vyombo, wakipika na kupanga kambi. Kwa hiyo mume na mke kusaidiana njiani si mambo ya kuiga kwenye filamu. Hapa yana umri mrefu.

Kwihara kwenyewe mtaona tembe ambalo sasa ni makumbusho ya David Livingstone. Alifika hapo na Stanley Februari 1872. Stanley akaondoka Machi, Livingstone akabaki hadi Agosti. Alikuwa anasubiri nini? Wapagazi, ambao Stanley alikwenda kumtafutia pwani. Bila wao hakuweza kwenda popote. Na alipofariki mwaka 1873, Chuma, Susi na wenzao ndio waliobeba mwili wake hadi Bagamoyo, wakipitia hapahapa.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii, Kwihara ikiwemo, kwenye orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Ni jambo jema, lakini orodha haikumbuki watu. Wanaokumbuka ni sisi. Tukiiacha njia ijulikane kwa jina la mgeni aliyekaa miezi sita tu, tutakuwa tumewasahau babu na bibi zetu walioitembea maisha yao yote.

Kwa anayetaka kwenda: chagueni kiangazi, maana mvua ikinyesha vumbi linageuka tope. Bebeni maji ya kutosha, pampu, viraka na gundi. Jaribuni breki kabla ya kutoka mjini. Mwenye kasi amngoje mwenzake. Mkifika kwenye tembe, salimieni, lipeni kiingilio, kisha muulizeni mwenyeji wenu habari za wapagazi kwanza. Ya Livingstone atawaeleza tu.