Kikao cha Wazee Hakifuti Kesi ya Unajisi: Nenda Hospitali Kabla ya Saa 72

Katika vijiji vingi, mtoto anaponajisiwa, kinachofuata ni kikao cha wazee. Familia mbili huketi, mbuzi au pesa zikakubaliwa kama fidia, kisha kila mtu akaambiwa arudi kwake. Kaskazini Mashariki mwa Kenya mpango huo huitwa maslaha. Kwingineko una majina mengine, lakini matokeo ni yale yale: mshukiwa hubaki kijijini, naye mtoto hukutana naye njiani akienda shuleni.

Sababu za familia kukubali zinajulikana. Kituo cha polisi kiko mbali, nauli ya bodaboda ni ghali, na mara nyingi mshukiwa ni jamaa au ndiye anayelisha nyumba. Hata hivyo, makubaliano hayo hayamalizi kesi.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haimpi mzazi, mzee wala chifu mamlaka ya kusitisha kesi. Uamuzi huo ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Anayepatikana na hatia ya kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini hufungwa maisha. Katiba nayo, katika Kifungu cha 159, inatambua usuluhishi wa kijadi, ila si pale unapokiuka haki za binadamu.

Dhuluma za nyumbani zina sheria yake ya mwaka 2015. Inahusu kipigo, vitisho, kunyimwa matumizi, kurithiwa kwa lazima na hata kuingiliwa na wakwe. Anayedhulumiwa anaweza kuomba mahakama itoe amri ya ulinzi, inayoweza kumzuia mdhulumu asimkaribie. Jirani anayeshuku kuna dhuluma pia anaruhusiwa kutoa taarifa.

Kwa nini saa ni muhimu?

Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV baada ya ubakaji hufanya kazi zikianzishwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Dawa za dharura za kuzuia mimba zina mwisho wake pia, siku 5. Kikao kikiitishwa keshokutwa, kisha kikaahirishwa, muda huo umekwisha na ushahidi umepotea.

Hatua za kufuata

1. Manusura asioge, asipige mswaki wala kubadilisha nguo. Ikiwa amebadilisha, nguo zisifuliwe. Zifungwe kwa karatasi au gazeti, si mfuko wa plastiki.

2. Aende kituo cha afya mara moja. Si lazima aanzie polisi ili atibiwe. Mhudumu atamjazia fomu ya PRC, inayoeleza hali yake na sampuli zilizochukuliwa.

3. Ripoti ipigwe katika kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia pale lilipo. Hakikisha umepewa nambari ya OB. Fomu ya P3 hutolewa bure, kisha hujazwa na daktari au afisa wa kliniki.

4. Asiye na nauli au anayehofia usalama wake apige simu 1195. Kwa mtoto, piga 116. Nambari zote mbili ni za bure na hupokelewa mchana na usiku.

Nafasi ya wazee na machifu

Wazee bado wana kazi kubwa. Wao ndio hupata habari kwanza, na neno lao husikizwa. Wanaweza kutafuta gari la kumpeleka manusura hospitalini usiku, kuzuia familia yake isitishwe, na kuwahimiza mashahidi wafike mahakamani. Wahamasishaji wa afya ya jamii, wanaozuru boma kwa boma, wanaweza kuonyesha kituo cha afya kilicho karibu.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini wamewahi kupigwa au kuumizwa tangu wafikishe miaka 15. Hiyo ni zaidi ya mmoja kati ya kila watatu. Mkazi anayesikia kilio cha jirani asingoje kikao. Aripoti siku hiyo hiyo.