Ua la Kupamba, Ua wa Kukinga

Katika Kiswahili, ua lichanualo na ua uzungukao nyumba ni neno moja. Katika sehemu za Busia na Tororo, mpakani mwa Uganda na Kenya, mambo hayo mawili hukutana pia katika mmea mmoja, kwani familia nyingi huzungushia nyumba zao vichaka vitoavyo maua. Mimea hiyo ni ya kudumu: hupandwa mara moja, ikakaa miaka mingi. Kwa hiyo yampasa mwenye nyumba kuichagua kwa uangalifu, kama mtu achaguaye jirani.

Nchi hiyo ina mwinuko wa mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na mvua zake huja mara mbili. Mvua kubwa hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na mvua ndogo kuanzia Agosti au Septemba hadi Novemba. Desemba hadi Februari ni kiangazi. Bustani iliyopangwa vema huwa na pambo lake katika kila kipindi.

Mvua za Machi zinapoanza, kana yenye majani mapana na maua mekundu au ya manjano huchipua upya kutoka katika mizizi yake minene. Mmea huu hupenda maji, hivyo hustawi mahali yapitapo maji ya bafu. Haibiskasi nayo hutoa maua makubwa; kila ua huishi siku moja tu, lakini kichaka huchanua karibu mwaka mzima. Kana huongezwa kwa kugawanya mizizi, na haibiskasi kwa kipande cha tawi chenye urefu wa kalamu ya risasi. Jambo hili ni faraja kwa familia za wanajeshi na polisi, ambazo huhamishwa mara kwa mara. Vipande vichache vilivyofungwa katika gunia lenye unyevu hufika kituo kipya vikiwa hai, mradi visivushwe mpaka wa nchi bila kibali cha wakaguzi wa mimea.

Mvua ndogo zinapokaribia kwisha, kando za njia hugeuka manjano kwa alizeti mwitu, kichaka chenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati. Majani yake ni machungu, lakini ni hazina kwa udongo. Katika miaka ya 1990, watafiti waliofanya kazi Maseno, magharibi mwa Kenya, walionyesha kwamba kilo 100 za majani yake makavu zina naitrojeni kiasi cha kilo 3.5 na potasiamu kiasi cha kilo 4. Majani mabichi yakikatwakatwa na kufukiwa katika tuta la sukuma au mahindi, huwa mbolea isiyonunuliwa dukani.

Kiangazi kinapokausha majani, boganvilia ndiyo hung'ara. Kile kionekanacho kuwa ua lake jekundu au la zambarau ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni dogo jeupe lililo katikati. Isale nalo hubaki na kijani chake, na katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki hupandwa kuonyesha mpaka wa shamba.

Hata hivyo, kuna kichaka kimoja ambacho uzuri wake umewagharimu watu wengi. Nacho ni lantana, chenye majani ya kukwaruza na harufu kali, vishada vya maua madogo ya manjano, mekundu na ya waridi, na matunda meusi. Kililetwa kutoka Amerika kuwa pambo, kikageuka msitu. Ng'ombe akila majani yake, ini huharibika na ngozi yake huungua kwa jua.

Hatari kubwa zaidi ni mbung'o, au ndorobo. Jike lake halitagi mayai, bali huzaa buu mmoja kila baada ya siku tisa au kumi hivi, naye hujifukia katika udongo laini wenye kivuli. Chini ya lantana iliyofungamana hupata kivuli hicho hatua chache kutoka mlangoni. Mwaka 1964, ugonjwa wa malale ulipozuka Alego, kusini mwa Busia ya Kenya, mbung'o walionekana katika nyua za lantana zilizozunguka nyumba. Kuanzia mwaka 1976 malale yalienea Busoga, ambako mashamba yaliyotelekezwa yalikuwa yamefunikwa na vichaka hivyo, na katika miaka ya 1980 yakafika Tororo, mji uleule uliokuwa makao ya taasisi ya Afrika Mashariki ya kuchunguza ugonjwa huo.

Leo wagonjwa wamepungua sana, lakini malale ya upande huu huweza kuua katika muda wa miezi michache yasipotibiwa. Homa na maumivu ya kichwa yasiyoisha kwa dawa za malaria, hasa kwa askari atokaye doria vichakani, hupasa kupelekwa hospitali bila kukawia, na mgonjwa aeleze mahali alipokuwa.

Lantana haitoshi kukatwa, kwa sababu huchipua tena. Hung'olewa na mizizi yake udongo ungali na unyevu, na matawi yake huwekwa mbali na mifugo. Pengo linalobaki hufaa kupandwa haibiskasi au alizeti mwitu. Hata hivyo, vichaka hivyo navyo vikiachwa hufungamana. Samaki mkunje angali mbichi: ua hukatwa kila baada ya miezi michache, usizidi kifua cha mtu mzima, na sehemu ya chini ipunguzwe matawi ili jua lifike ardhini. Ua wa namna hiyo huipamba nyumba mwaka mzima bila kumpa mbung'o mahali pa kulelea.