Daktari akikuandikia ndege, usicheke

SHEMEJI yangu mmoja ni muuguzi katika visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa mwa Scotland. Siku moja alinipigia simu, nusu akicheka na nusu akilia. "Shemeji," akaniambia, "nimeenda kumwona daktari kwa sababu silali, naye ameniandikia ndege."

Nilidhani amekatiwa tiketi ya kurudi nyumbani. Kumbe alikuwa na maana ya ndege wenye manyoya! Nami pia nilicheka, hadi aliponieleza hali yake.

Kwa miezi mitatu alikuwa akitoka kazini, akifunga mlango na kuketi gizani. Chakula hakikupita. Katikati ya Desemba jua la Shetland huonekana kwa muda usiotimia saa sita kwa siku. Muuguzi wa zamu ya mchana huingia kazini kukiwa giza na kutoka kukiwa giza. Kwa mtu aliyezaliwa Vihiga na kuzoea jua la kutwa, hayo si mambo madogo. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba kila mwezi alituma pesa nyumbani, na hakuna aliyemuuliza kama analala.

Dawa aliyopewa haikuwa mzaha. Mnamo Oktoba 2018, idara ya afya ya Shetland na shirika la kulinda ndege la Uingereza, RSPB, lililoanzishwa mwaka wa 1889, zilianzisha mpango ambapo daktari humshauri mgonjwa atembee ufuoni, asikilize ndege au awatazame baharini. Ushauri huo hutolewa pamoja na matibabu ya kawaida, wala si badala yake.

Je, kuna ushahidi? Mwaka wa 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu wapatao 20,000 nchini Uingereza. Waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki mahali penye mimea na maji walielekea zaidi kusema kuwa wana afya njema na wameridhika na maisha. Mwaka wa 2022, watafiti wa King's College London waliripoti kwamba kumwona au kumsikia ndege kuliambatana na nafuu ya moyo iliyoweza kudumu hadi saa nane, hata kwa watu wenye ugonjwa wa huzuni.

Uchunguzi kama huu haumalizi hoja. Huenda aliye mzima ndiye anayetoka nje mara nyingi. Hata hivyo, mimi kama daktari naona sababu za kuuamini. Anayetafuta ndege hutembea, na kutembea husaidia kupunguza shinikizo la damu na sukari mwilini. Hupata mwanga wa mchana, ambao huusaidia mwili kujua wakati wa kulala. Tena ndege mdogo kichakani hudai macho na masikio yako yote, na kwa muda huo mawazo mabaya hukosa nafasi.

Shetland pia ina jambo lisilopatikana kila mahali: wageni adimu. Majira ya kuhama, pepo za mashariki huwasukuma ndege juu ya Bahari ya Kaskazini hadi visiwani, na mvua au ukungu huwalazimisha kutua. Katika kisiwa jirani cha Fair Isle, kituo cha kuwachunguza kilianzishwa mwaka wa 1948. Habari ya mgeni adimu ikienea, watu hufunga safari na darubini zao. Mwaka wa 1989, maelfu ya watu walifurika katika mtaa mmoja wa Kent, kusini mwa Uingereza, karibu na duka kubwa, kumtazama ndege mmoja tu aliyepotea kutoka Marekani.

Mapema Juni, jirani yake, mzee mstaafu, alimwita shemeji. Walikuta watu kadhaa wamesimama kimya kando ya bustani. Ndani yake aliimba ndege mdogo wa rangi ya kahawia, ambaye wataalamu humwita Acrocephalus palustris. Huko ni mgeni adimu. Kwetu Kenya hupita kwa wingi mno. Huko Ngulia, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, ambako ndege wahamao wamekuwa wakivishwa pete miguuni tangu 1969, yeye ni miongoni mwa wanaonaswa kwa wingi zaidi kila Novemba na Desemba, akielekea kusini.

Ndege huyu huiga sauti za wenzake. Mwaka wa 1979, mtafiti Françoise Dowsett-Lemaire alionyesha kwamba kwa wastani dume mmoja huiga aina 76 za ndege, na zaidi ya nusu ni wa Afrika. Mzee alipomweleza hayo, shemeji alinipigia simu palepale bustanini. "Shemeji, huyu amepita kwetu," akasema. "Anaimba ya kwetu." Safari hii alilia bila kucheka, lakini hakikuwa kilio kile cha kwanza.

Nina maonyo machache kwa atakayefuata njia hii. Nyasi ndefu na vichaka vya Uingereza vina kupe wanaoweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme. Vaa suruali ndefu na ujikague jioni. Ukiona wekundu unaopanuka polepole kwenye ngozi, mwone daktari mapema, maana ugonjwa huo hutibiwa kwa antibiotiki. Usimguse ndege mgonjwa au aliyekufa. Homa ya ndege iliyoenea tangu 2021 iliua ndege wengi wa baharini Shetland.

Wazee nao wayachunguze masikio yao. Yupo ndege wa Ulaya mwenye uzani wa gramu tano au sita, ambaye sauti yake ni nyembamba kama sindano. Wengi hutambua kwamba masikio yanazeeka pale wenzao wanapomsikia nao hawamsikii.

Mwisho, mchezo usigeuke mzigo. Wako wanaokesha barabarani na kuacha kazi na jamaa ili waongeze jina moja kwenye orodha. Huko si kupumzika tena.

Shemeji sasa analala. Alitumia vidonge kwa miezi kadhaa na bado humwona daktari wake. Ndege peke yao hawakumponya, lakini walimfungulia mlango aliokuwa ameufunga. Mtu mwenye huzuni isiyoisha kwa majuma mawili, asiyelala au anayefikiria kujidhuru, asingoje ndege. Aende hospitali leo.

Nawe msomaji, kama una ndugu ughaibuni, usimpigie tu siku ya karo. Muulize amelalaje, na jua limechomoza saa ngapi. Kisha umwache ajibu.