Ndoo Mbili Zinatosha Kuosha Gari

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, gari limefika kabla ya maji. Gari lipo uani, lakini bomba linatoa maji kwa mgao, na yakitoka hukimbiliwa kukingwa kwenye madumu na matangi kabla hayajakatika. Mpira wa maji, hata ukinunuliwa, hauna pa kuchomekwa. Wenye magari wa nyumba hizo wamezoea kuamini kwamba gari la kuoshwa kwa ndoo haliwezi kutakata, na kwamba ndoo ndiyo inayoharibu rangi. Mimi nashikilia kinyume chake. Gari linasafishwa na muda wa kuulowesha uchafu na uangalifu wa kuutenga na kitambaa, wala si nguvu ya maji. Anayezingatia mambo hayo mawili kwa madumu mawili ya lita 20 analinda rangi kuliko anayefungulia mpira dakika kumi kisha akasugua gari zima kwa tambara moja.

Tuanze na rangi yenyewe. Gari la siku hizi hupakwa tabaka juu ya tabaka: ya chini ya kuzuia kutu, ya kati yenye rangi tunayoiona, na ya juu isiyo na rangi, ambayo mafundi huiita klia. Klia ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayopokea jua, kinyesi cha ndege na kila mkono unaoligusa gari. Unene wake kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50. Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita, kwa hiyo kinga yote hiyo haifikii unene wa unywele wa kawaida. Sasa tazama vumbi. Mchanga wa barabarani una chembe nyingi za kwazi, madini ambayo katika kipimo cha ugumu cha Mohs yanafika 7 na yanaweza kukwaruza hata kioo. Ukipitisha kitambaa kikavu juu ya gari lenye vumbi, au kitambaa kibichi ambacho tayari kimebeba mchanga, unaziburuta chembe hizo juu ya klia. Matokeo huonekana gari likisimama juani: mikwaruzo myembamba ya mviringo kwenye boneti, mithili ya utando wa buibui. Gari jeusi huionyesha mapema, jeupe huificha kwa miaka. Na magari yetu mengi yanakuja kutoka Japani yakiwa yameshatumika kwa miaka kadhaa, yaani klia yake imeanza kuliwa hata kabla ya kuteremshwa bandarini. Hakuna sababu ya kuimalizia huku.

Hapo ndipo ndoo ya pili inapopata kazi. Ya kwanza ina maji ya sabuni, ya pili ina maji matupu ya kusuuzia kitambaa. Ukimaliza sehemu moja, tuseme mlango, kitambaa kinaingia kwanza kwenye maji matupu, kinafikichwa na kukamuliwa, ndipo kinarudi kwenye sabuni. Mchanga ni mzito kuliko maji, kwa hiyo unatua chini ya ndoo ya pili na kukaa huko, mradi mkono usiende kuuchokoa. Mwenye ndoo moja anaurudisha mchanga uleule kwenye gari kila anapochovya, na kadiri anavyosugua kwa bidii ndivyo anavyoharibu.

Lakini kabla kitambaa hakijagusa chochote, vumbi liloweshwe literemke lenyewe. Hapa asiye na mpira ana vifaa kuliko anavyodhani. Keni ya kumwagilia maua inatoa manyunyu laini. Chupa ya maji iliyotobolewa kizibo kwa msumari inafanya vivyo hivyo. Bomba la mgongoni la kupulizia dawa shambani, la lita 16 au 20, lina msukumo wa kutosha kulegeza tope la jana, ila liwe ambalo halijawahi kubeba dawa yoyote. Hata kata ya kuchotea maji inafaa, ukimimina taratibu kuanzia juu ya paa. Tope lililogandia milangoni halisuguliwi: lifunike kwa kitambaa kilicholoa, liache kama dakika kumi, na likishalainika litaondoka kwa kumwagiwa maji. Baada ya hapo kazi inateremka kutoka juu kwenda chini: paa, vioo, boneti na buti, nusu ya juu ya milango, kisha nusu ya chini na bampa. Magurudumu ni ya mwisho kabisa, kwa kuwa yana mchanga na unga wa breki, nayo yapewe kitambaa chake ambacho hakipandi juu tena.

Kitambaa chenyewe kiwe cha maikrofaiba, au angalau taulo laini lisilo na pindo gumu. Dodoki na brashi ya kufulia zibaki bafuni. Sabuni ya unga nayo tuiache kwenye nguo, kwani imetengenezwa kung'oa mafuta na haichagui: nta iliyopakwa kulinda rangi inaondoka nayo. Sabuni ya vyombo ina tabia hiyohiyo. Shampuu ya gari huhitaji kiasi kidogo tu kwa ndoo nzima, kwa hiyo chupa moja inakaa muda mrefu. Wanaoishi pwani wana la ziada la kuangalia, kwa sababu visima vingi vya huko vina maji ya chumvi, ambayo yakikauka juu ya rangi na vioo huacha madoa meupe. Yatumie kulowesha ukipenda, lakini maji ya mwisho yawe matamu, ya bomba au ya mvua. Osha kivulini, boneti likiwa limepoa, na ulifute gari maji yasikaukie juu yake.

Wapo watakaosema mpira bado ni bora kwa kuwa unasuuza haraka. Haraka, ndiyo. Lakini mpira wa kawaida wa bustani hutoa kati ya lita 10 na 20 kwa dakika, na sehemu kubwa inamwagika chini bila kugusa uchafu. Nchi zenye mabomba ya uhakika zimelazimika kulikubali hilo. Huko Uingereza, kiangazi cha mwaka 2022 kilipokuwa kikali, kampuni kadhaa za maji zilipiga marufuku matumizi ya mpira, na anayekaidi marufuku ya namna hiyo anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000. Kuosha gari kwa ndoo kuliendelea kuruhusiwa. Cape Town, katika ukame wa mwaka 2018, kila mtu aliwekewa kikomo cha lita 50 za maji ya jiji kwa siku, na kuoshea gari maji hayo kukakatazwa kabisa. Kwetu, Dar es Salaam iliingia kwenye mgao mwishoni mwa mwaka huohuo wa kiangazi cha Uingereza, 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua. Mombasa inategemea kwa sehemu maji yanayosafiri zaidi ya kilomita 200 kutoka chemchemi za Mzima. Maji ya safari hiyo hayastahili kuishia kwenye mtaro wa barabarani.

Pingamizi zito zaidi ni la vijana wanaoosha magari. Hiyo ni ajira ya halali na simwombi mtu awakimbie. Tena kuna kazi ambayo ndoo haiiwezi: uvungu wa gari. Tope na chumvi ya hewa ya bahari vinavyojificha huko vinahitaji mashine ya msukumo, na gari la pwani linafaa kupelekwa mara kwa mara kwa ajili hiyo. Ila kwa uoshaji wa kila wiki, mteja anayo haki ya kutazama kitambaa kinachotumika, kimeosha magari mangapi asubuhi hiyo na mara ya mwisho kilisuuzwa lini. Atazame pia maji yanakokwenda. Pale ambapo magari huoshwa ukingoni kabisa mwa mto au ziwa, kama ambavyo imekuwa ikifanyika Kisumu kwenye Ziwa Victoria, mafuta na sabuni vinaingia moja kwa moja kwenye maji ambamo watu wanavua na ambayo wanayanywa.

Neno la mwisho ni kwa wenye magari wasioosha wenyewe. Majumbani mwetu kazi hii mara nyingi huachiwa mlinzi au kijana wa kazi, alfajiri, akiwa na ndoo moja na kipande cha fulana kuukuu, na mikwaruzo ikionekana analaumiwa yeye. Hajakosa lolote, hajapewa vifaa wala kuelekezwa. Mnunulie ndoo ya pili na vitambaa viwili, kimoja cha juu na kimoja cha magurudumu, umweleze kwa nini, na umpe muda wa kulowesha bila kumharakisha. Bei yake haikaribii hata kidogo gharama ya kupaka boneti upya.