Kusafisha mistari ya marumaru bila kujidhuru

Familia nyingi za hapa Kingolwira na sehemu nyingine za Morogoro siku hizi huweka marumaru jikoni, bafuni na chooni. Marumaru husafishika kwa urahisi, lakini mistari ya saruji iliyo katikati yake huwa myeusi upesi. Hapo ndipo wengine huchanganya kila dawa iliyomo nyumbani, wakidhani nyingi zitashinda moja. Mwezi huu tuone njia iliyo salama.

Kwa nini mistari huchafuka?
Kigae kimechomwa motoni na uso wake ni kama kioo, maji hayapenyi. Saruji ina vitundu vidogo sana ambavyo hunywa maji, sabuni na mafuta. Wakati wa masika, bafu lisipokauka, ukungu huota humo. Ukungu huo huweza kuamsha pumu kwa mtu mwenye ugonjwa huo.

Tufanye nini?
1. Anza na maji ya moto na sabuni. Sugua kwa mswaki uliokwisha kazi, kisha suuza. Usitumie waya wa kusugulia masufuria, kwani hukwangua saruji.

2. Kwa mafuta ya jikoni, twanga magadi, chekecha, na changanya vijiko 3 na kijiko 1 cha maji upate uji mzito. Vaa glavu. Paka, ngoja dakika 10, sugua na suuza.

3. Kwa ukungu, tumia dawa ya klorini, kama vile Jik: kikombe 1 kwa lita 4 za maji baridi. Fungua dirisha na mlango. Acha dakika 10, kisha suuza kwa maji mengi. Tengeneza ya kutosha siku hiyo tu, maana nguvu yake hupungua.

Ndimu na siki je?
Saruji ina chokaa, na asidi hula chokaa. Mstari utang'aa leo, lakini ukirudia mara kwa mara utamomonyoka. Tukumbuke pia kwamba jina "marumaru" tunalitumia kwa vigae vya kiwandani na kwa jiwe lenyewe. Jiwe la marumaru huharibiwa na ndimu mara moja.

Hatari kubwa
Usichanganye kamwe dawa ya klorini na ndimu, siki au dawa ya choo yenye asidi. Hutoka hewa ya klorini, ile ile iliyotumika kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza. Hata kumwaga dawa moja juu ya nyingine sakafuni ni kuchanganya. Mkojo uliokaa nao una amonia, ambayo ikikutana na klorini hutoa hewa yenye sumu. Kwa hiyo chooni mwaga kwanza maji mengi. Bafu dogo lisilo na dirisha ndilo la hatari zaidi, hasa kwa mtoto au msichana wa kazi aliyefungiwa humo na ndoo yake.

Likitokea jambo
Macho yakiwasha na kikohozi kikianza, toka nje mara moja kwenye hewa safi. Usibaki kumalizia kazi. Dawa ikiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Mtoto akiinywa, usimtapishe. Mpeleke zahanati au hospitali haraka pamoja na chupa ya dawa. Mtu anayepumua kwa shida naye apelekwe bila kuchelewa.

Mwisho, tusihifadhi dawa hizi katika chupa za soda au za maji ya kunywa, na tuziweke mbali na watoto. Baada ya kuoga, tufute maji na kuacha dirisha wazi: mahali pakavu ukungu hauoti, na dawa kali hazitahitajika mara kwa mara. Kinga ni bora kuliko tiba.