Kubernetes: mashini moja ikizimika, zingine zinaendelea na kazi

Mtu wa Wamaza akituma feza kwa simu, kazi inafanyika na ordinatere za mbali. Moja ikizimika, feza inaweza kukwama. Kuepuka hilo, mafundi wengi duniani wanaunga ordinatere nyingi kuwa kundi moja kwa Kubernetes, programu ambayo Google ilitoa mwaka 2014. Jina ni la Kigiriki, maana yake nahodha.

Kuanzisha kundi, fundi anaandika amri za kubeadm. Kila mashini iwe na Linux na memori ya GB 2 ao zaidi. Ile ya kuongoza iwe na prosesa 2. Kwa kawaida anazima kwanza memori ya kuazima kwenye diski, anaweka containerd. Kwenye mashini kiongozi anaandika «kubeadm init», halafu anaweka programu ya kuunganisha, kama Flannel. Kwenye zingine: «kubeadm join», pamoja na neno la siri, ambalo kwa kawaida linadumu saa 24.

Kiongozi akizimika, kazi hazisimami papo hapo, ila hakuna wa kuzihamisha. Ndiyo sababu wengi wanaweka viongozi 3. Lakini kama zote zinategemea jenereta moja, mafuta ikiisha zinalala zote pamoja.